Mtumbwi Wenye Kiu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, Baba alileta nyumbani kwetu Kinyamaseke mtumbwi wa marehemu kaka yake. Kazi ya kiwanda cha saruji ilikuwa imemwishia, naye akaamua kurudi Katwe, kule ziwani, kuvua. Mtumbwi huo ulikutwa ziwani ukielea bila mtu. Niliuchukia tangu uliposhushwa kwenye gari la jirani yetu, Hajji.

"Bwambale, huku ni vumbi tupu," Hajji alimtania Baba. "Utavua panya?"

Baba alicheka. Bibi, mama yake, hakucheka. Alizaliwa Katwe, na kwao mtumbwi haulazwi mbali na ziwa bila kumwagiwa maji kila jioni.

"Hii mtumbwi iko na kiu," alisema. "Kama hauipatii maji, itaita maji yake."

"Mama, lami haishiki kwa mbao ya maji. Wacha ikauke."

Basi ukakauka. Baba aling'oa mbao zilizooza, akapigilia mpya, akasokota matambara na kuyashindilia kwenye nyufa, kisha akaziba kwa lami. Mimi nilimshikia misumari, lakini sikutulia. Kila ubao ulipolia kwa jua kali, nilisikia kama mtu anagonga akiomba kinywaji. Nilitazama kikombe cha Bibi cha kunywea maji, nikatazama uso wa Baba, nisijue nimtii nani. Nilitaka jambo moja tu: Baba asipotee kama kaka yake.

Lami ilikuwa imeshakauka siku mvua iliponyesha milimani, huku kwetu jua likiwaka. Mchana mto uliopita karibu na kwetu ukavunja kingo. Maji ya matope yaliingia uani yakisukuma migomba na milango ya watu. Baba alimbeba Bibi akamweka ndani ya mtumbwi, kisha mimi na mdogo wangu. Akajifunga kamba kiunoni, akatuvuta kuelekea barabara ya juu, maji yakimfika kifuani.

"Nilikuambia itaita," Bibi alisema, ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Na kama ningeimwagia maji yako, Mama, lami ingebanduka. Saa hii tungekuwa tunakunywa hii matope."

"Vuta," Bibi akasema.

Shamba letu la pamba lilikwenda na mto, na masomo yangu hayakukaa sana baada ya hapo. Baba alikwenda ziwani. Huondoka Jumatatu, hurudi Jumamosi. Bibi tulimzika.

Sasa nina miaka kumi na saba, na mtumbwi uko uani tena, unabadilishwa mbao. Najua mbao hulia kwa sababu ya jua, na mvua haiji kwa kuitwa. Hata hivyo, jioni ikifika miguu yangu haitaki kukaa. Namngoja Baba aingie ndani, nachukua kikombe cha Bibi, namwaga maji kidogo mchangani, chini ya pua ya mtumbwi, mbali na lami.

Jana alinikuta. Alitazama mchanga uliolowa, kisha akainua macho kwenye milima.

"Mwaga na kule nyuma," akasema, akarudi ndani.

Nikabaki na kikombe mkononi. Miaka yote hii nilidhani kila Jumatatu ni mimi peke yangu nisiyetulia.