Helmeti Nyeupe

Nimestaafu uaskari wa magereza Jinja, na sasa najifunza uashi Mbale, kwa fundi Wamono. Juzi nilijinunulia helmeti nyeupe. Sikujua kwamba kwenye saiti ya ujenzi, helmeti nyeupe ni ya injinia.

Hajati, mwenye nyumba tunayojenga mtaa wa Malukhu, alinikuta nje barabarani akaniita injinia. Ningemsahihisha, lakini alikuwa ananikaribisha chapati na soda. Nikaanza na chapati.

"Injinia, ukuta huu uko sawa?"

Nikaweka mkono mmoja nyuma, soda katika mkono wa pili, kama ninakagua wafungwa. Nikafumba jicho moja.

"Umepinda, Hajati. Aliyejenga hapa alikuwa amelewa. Ubomolewe."

Hajati akawaka. "Wamono! Njoo hapa! Injinia anasema ukuta ubomolewe. Mlevi gani ameujenga?"

Fundi akaja, akautazama ukuta, akaitazama helmeti yangu, kisha akanipa nyundo.

"Afande," akasema kwa upole, "jana uliujenga ukiwa umesimama upande wa ndani. Upande wa nje ndio unaouona leo."

Hajati akanyoosha mkono, akaichukua soda yake mkononi mwangu.