Kikomo cha Taa ya Mdogo Mtu

Karakana nzima ilimwita Dada Mkubwa, na jina hilo alilipenda mpaka mdogo wake wa tumbo moja, aliyemleta kazini yeye mwenyewe, alipoanza kusifiwa kumpita. "Mdogo mtu ana mikono!" "Mdogo mtu ana kichwa!" Eti kichwa! Nani alimfundisha kushika bisibisi? Wivu ulimkaba Dada Mkubwa hata chai akaisahau mezani.

Sasa karakana ilitafuta mkuu wa mafundi. Kila mmoja wa ndugu hao wawili alitengeneza taa ya wodi ya watoto wachanga, na muuguzi angekuja kuzijaribu. Mwenye taa bora apewe ukuu. Taa hizo zina kompyuta ndogo, na ndani yake mna faili linaloiambia: una taa, iko kwenye waya huu, umeme wake usizidi hapa. Kikomo hicho kikishaandikwa, zungusha swichi mpaka kidole kiote sugu, mwanga hauongezeki.

Taa ya mdogo mtu iliwaka kuliko ya dada yake. Loo, roho ilimuuma! Wenzake walipotoka kwenda kula, akafungua faili la mdogo wake, akashusha kikomo mpaka robo. Kisha akajikalia zake, kana kwamba si yeye.

Muuguzi akaja. Akazungusha swichi ya taa ya dada, kila mtu akafumba macho. Akazungusha ya mdogo mtu, akazungusha tena, mwanga ukabaki palepale, mpole. Dada Mkubwa akabana midomo asicheke.

"Hii ndiyo!" muuguzi akasema. "Hata mkono ukiteleza, mtoto haumii macho. Nani kafikiria hili?"

Mdogo mtu akaduwaa. "Si mimi, jamani. Mimi kikomo nilikiacha juu."

"Basi aliyekishusha ndiye mkuu," akasema meneja wa karakana.

Sifa ziende tena kwa mdogo wake? Thubutu! "Ni mimi," Dada Mkubwa akasema, kifua mbele. "Niliwaonea huruma watoto."

Watu wakapiga makofi. Mdogo mtu naye alipiga, kisha mikono ikasita. Alikuwa anaitazama taa ya dada yake, ambayo bado iliwaka mezani kwa nguvu zake zote.

"Dada," akauliza taratibu, "mbona yako hukuishushia kikomo?"