Mwisho wa Jimbo ni Kijitini

Theluji ikianguka Vermont, Lorene humtazama dereva wa gari la jimbo la kusukuma theluji barabarani kupitia dirisha la mkahawa wake. Dereva akifika penye kijiti chekundu, pale jimbo lilipoivua barabara fupi ya kijiji namba yake na kukiachia kijiji kisicho na hata toroli la kuzolea theluji, huinua sepeto la gari kwa kugusa swichi kwa vidole viwili, kama anayefunua sufuria ya mchuzi. Kisha hushuka na kuja kwa miguu, theluji magotini, kunywa kahawa.

Leo dereva aliviangalia viti vitupu. “Mbona pamepooza, mama?”

“Wateja watapita wapi, bwana wee? Sukuma basi mpaka mlangoni!”

“Barabara ya jimbo inaishia kijitini.”

Lorene akabeba kikombe cha dereva, akakitua kwenye theluji penye kijiti, upande wa kijiji. “Na mkahawa wangu unaishia hapa.”

Dereva akamfuata, akakihamishia upande wa jimbo, ndipo akanywa.