Majani ya mapera kwenye kinywa cha mtoto wa chimio: niliogopa jani, hatari nikaileta mimi

Wakuu, hamjambo huko mliko? Mimi niko Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora. Ninayoandika nimeyaona mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sijaifuta.

Mdogo wangu Gloire ana miaka saba, ana saratani ya damu. Anatibiwa kwa chimio, zile dawa kali za kupitishwa kwenye mshipa. Mama anauza sokoni, mimi nimemaliza kemia na kazi sijapata, kwa hiyo anayekaa naye hospitalini ni mimi.

Awamu ya pili ilimchoma kinywa. Vidonda ulimini, ndani ya mashavu, mpaka kooni. Hata uji aliulilia.

Daktari akasogeza mbele awamu ya tatu. Akatuambia wazi kwamba kinywa kikiharibika tena tutachelewa tena, na ugonjwa hautusubiri.

Hapo akafika Tantine Béa, dada ya baba, kutoka Kasenga, na mfuko wa majani ya mapera. Yachemshwe, yapoe, mtoto asukutue.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Lina nini hilo jani? Kiasi gani? Nani alipima?

"We uko na diplome, miye niko na majani," akasema. "Twende kwa docteur, atatuchagulia."

Tukaenda. Daktari hakucheka. Alisema hana uhakika kama yanasaidia, ila kwa Gloire haoni ubaya. Yachemshwe upya kila siku, asukutue na kutema, asimeze. Na maji ya chumvi na mswaki laini alivyoagiza yeye visiachwe.

Mwingine angeridhika. Mimi nikaongeza sharti langu.

Kwetu anayekupa kinywaji huanza kuonja yeye, uone hakina sumu. Nikamtaka Tantine aanze yeye kila mara, mbele yangu. Hakukasirika. Alisukutua, akatema, akampa Gloire kopo lile lile.

Nikajiona mwanasayansi kweli.

Siku ya tatu akapita muuguzi mmoja, mama asiye na maneno mengi. Akalidaka kopo kabla halijamfikia mtoto.

"Munamupa mutoto kopo yenye imetoka mu kinywa ya mukubwa? Huyu mutoto hana tena basoda ba kulinda mwili na magonjwa, chimio imebamaliza. Nani aliwaza hii mambo?"

Tantine akasema ni desturi ya nyumbani tu. Alitaka kuubeba mzigo peke yake.

"Ni miye, mama," nikasema. "Niliogopa majani."

"Majani ilichemuka. Kinywa ya tantine yako, nani aliichemusha?"

Wakuu, mimi niliyesoma habari za vijidudu darasani nililichukua kopo nikaenda kulimwaga.

Tangu siku hiyo Gloire ana kopo lake, lenye kifuniko. Kila akimaliza kula anasukutua. Wakabuni mchezo na Tantine: nani anatema mbali zaidi kwenye beseni, Tantine akitumia maji matupu. Tantine anashindwa kila siku, anasingizia meno yaliyong'oka.

Asubuhi ya awamu ya tatu daktari alimulika kinywa kwa tochi. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Shavu moja lilikuwa jekundu kidogo. Kidonda hakuna.

"Bon, tunaanza leo."

Ni majani? Sijui, na nisingependa mtu atoke hapa akisema nimesema ni majani. Pengine ni chumvi, pengine mswaki, pengine ni kwa vile mtoto alipenda mchezo na hakuruka hata mara moja.

Ninalolijua ni hili. Kinywa cha mtoto wa chimio kinataka kuoshwa kila siku, kwa chombo chake peke yake, na daktari ajue kila kinachoingia humo. Kuhoji nitaendelea kuhoji, ila sasa naanza na ninachokifanya mimi mwenyewe.

Wiki iliyofuata Gloire alikula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, akalalamika kwamba hatukumwekea pilipili. Tulimnyima, tukicheka.

Mliowahi kumuuguza mtoto wa namna hii, daktari wenu aliruhusu asukutue nini? Na anayetaka kunisema, aseme. Nitamjibu nikiwa pembeni mwa kitanda, awamu ya nne ni Jumatatu.