Siku Mwalimu Rael Alipofundisha Namba Tasa

Hadi leo, maharagwe makavu yakimwagwa kwenye sinia, mlio ule hunirudisha darasa la tano, katika shule yetu ya mabati juu ya Kaplong, ambako ukungu uliingia madirishani kila asubuhi na harufu ya majani chai mabichi ilikaa kwenye sweta zetu mpaka Ijumaa.

Hesabu ilifundishwa kwa Kiingereza, lakini Mwalimu Rael alipotuona tumekodoa macho kama ndama, alihamia Kiswahili. Alikuwa mama mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kushika kiboko. Siku moja aligawia kila dawati konzi ya maharagwe.

"Pangeni kumi na mbili, mistari iwe sawa."

Tulipanga miwili ya sita sita, tukavuruga, tukapanga mitatu ya nne nne. Akatuambia kwamba sita, mbili, tatu na nne ni vigawo vya kumi na mbili, kwa sababu zinaigawa bila kubakiza kitu. Kisha akasema tupange saba. Tulihangaika nayo. Kipkirui, niliyeketi naye dawati moja, alitafuna moja bichi ili yabaki sita.

"Saba haikubali," mwalimu alisema akicheka. "Inagawika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Kwa Kiswahili inaitwa namba tasa."

Neno hilo nililijua! Nilikuwa nimelisikia kwenye kituo cha kuuzia majani chai, pale akina mama walipongoja lori. Senge, dada yake baba, alikuwa ameinamia wenzake akasema, "Mwalimu Rael ni tasa. Ndio maana ako na wakati ya kushughulikia watoto ya wengine." Wote walishusha sauti na kutikisa kichwa polepole, nami nikaamini kwamba tasa ni cheo cha waliosoma sana.

Nikanyoosha mkono juu kabisa. "Mwalimu, tasa kama wewe?"

Chaki ilisimama ubaoni. Wanafunzi wakubwa wa nyuma walivuta pumzi kwa pamoja. Nilitabasamu, nikingoja sifa.

"Nani amekuambia hivyo, Cheptoo?"

"Senge."

Aliweka chaki mezani taratibu, akatoka. Dirishani niliuona mgongo wake, amesimama kando ya tangi la maji, mkono mmoja umeshika ukuta. Kipkirui alinifinya. "Umemtusi mwalimu! Tasa ni mama hana mtoto." Nilitaka kulia lakini machozi yalikataa.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umeoshwa. Aliandika mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. "Tafuteni zingine mpaka thelathini," akasema, kwa sauti ile ile. Hakunigusa. Afadhali angenichapa.

Jioni nilimweleza mama akiwa anakamua ng'ombe. Aliinuka ghafla hata ndoo ikapinduka, na maziwa yakaingia kwenye matope. Hakuyatazama. "Ulisema mbele ya darasa? Woi, mtoto wangu!"

Jumamosi alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akanishika mkono, tukapita katikati ya mashamba ya chai hadi kwa Mwalimu Rael. Nilipiga magoti mlangoni, kama nilivyoagizwa. Mama alianza kuomba msamaha, akazungumza mengi, mpaka mwalimu akamzuia.

"Mama Cheptoo, njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya nyumba, pale chai ilipoishia, kulikuwa na vichuguu viwili vidogo vilivyozungushiwa mawe na kupandwa maua meupe. Nilidhani ni vitalu vya maua.

"Wa kwanza aliishi siku tisa," mwalimu alisema. "Wa pili hakulia."

Mama aliketi chini, pale pale kwenye umande, na gauni lake la kanisani. Kibuyu kilimtoka mkononi. "Na sisi hatukujua," alirudia, "na sisi hatukujua." Ni mwalimu aliyempangusa machozi, kisha akaniambia nisipige magoti tena, mtoto hana kosa.

Jumatatu, kwenye kituo cha chai, mama alisema na Senge mbele ya wote. Sikuyasikia yote, nilimwona tu Senge akiweka kikapu chini na kufunika uso kwa leso. Wiki ile alienda mwenyewe kwa Mwalimu Rael, akakaa mpaka jua likaelekea kuzama.

Kwa miaka mingi nilidhani mshtuko wa siku ile ulikuwa wangu: aibu yangu, vile vichuguu, machozi ya mama. Nilikuwa mtu mzima nilipowaza kwamba somo lile hurudi kila mwaka. Kila mwaka, kabla yangu na baada yangu, mwanamke yule aliacha maua yake nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya watoto wa watu, akijua neno linalomngoja, na kijiji kinavyolitumia. Angeweza kulisema kwa Kiingereza tu, likapita. Lakini hatungeelewa, na yeye alitaka tuelewe.