Maneno Niliyomtia Chelagat Kinywani

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na hilo likimfikia mama yako nitajua limetoka kwako. Siikumbuki kwa uzuri wake. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo nilimfanya mama mmoja amkatae binti yake, kisha nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuongea. Hapa Eldoret, nyuma ya maduka ya nguo, Mzee Abdi alikuwa na kibanda cha video: mabenchi, TV moja kubwa, na pazia zito la kuzuia mwanga wa mchana. Filamu zilikuja kwa lugha za watu, kwa hivyo kila kibanda kilikuwa na msimuliaji wake. Nilikaa kando ya TV na maikrofoni nikawaeleza watu nani amesema nini. Usidhani nilizijua lugha hizo. Nilitazama nyuso na mikono, nikaangalia nani analia na nani amefunga mlango kwa hasira, halafu yaliyobaki nikajaza mwenyewe. Watu walikuja mara ya kwanza kwa ajili ya filamu, lakini walirudi kwa ajili ya mdomo wangu. Nakwambia bila haya kwa sababu huo mdomo ndio ulioniponza.

Mwaka huo binamu yake Mzee Abdi alimletea katoni ya kaseti kutoka sijui wapi. Zote za Kijapani. Maandishi ya kwenye maganda hatukujua hata juu ni wapi na chini ni wapi. Na karibu kila kaseti ilikuwa na mwanamke yule yule, mwenye uso wa mviringo, kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto, na tabasamu la mtu anayeficha habari njema. Mara ya kwanza alitokea akitembea jua likizama, basi nikampa jina ambalo kwetu tunampa msichana aliyezaliwa jioni. Nikamwita Chelagat, na jina likashika.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kwa kuwa mwanamke alikuwa mmoja, nilidhani ni hadithi moja ndefu iliyogawanywa kwenye kaseti nyingi. Na kwa kuwa watu walimpenda, nikaongeza chumvi, nikawaambia kwamba hayo ni maisha yake ya kweli. Wiki ya kwanza Chelagat alikuwa mama mwenye mvi, akafa kitandani, kibanda kizima kikalia. Wiki ya pili huyo hapo, msichana wa shule juu ya baiskeli. Benchi la mbele wakanigeukia.

"Wewe, si huyu tulimzika juzi?"

"Huyu ni binti yake," nikajibu.

Wiki ya tatu alikuwa muuguzi, nikasema ni dada ya marehemu. Wiki ya nne alikuwa kipofu, na wiki ya tano akatunga uzi kwenye sindano bila shida yoyote. Nikasema amepona. Jasho lilinitoka, mwanangu. Nilikuwa nimepotea kuliko wao, lakini mwenye maikrofoni hakubali kwamba amepotea.

Kati ya waliokuja kila Jumamosi alikuwepo mama mmoja wa kutoka upande wa Bungoma, aliyekuwa akiwafulia watu nguo kule mtaa wa West Indies. Jina lake mtaani lilikuwa Mama Nafula, kwa jina la binti yake wa pekee, lakini lile jina alikuwa amelipiga marufuku. Nafula alikuwa ameondoka na mwanamume ambaye mama hakumtaka, wakaenda Moiben kufanya kazi kwenye shamba la mahindi. Tangu hapo ukimwita Mama Nafula haitikii. Tukazoea kumwita Mama tu.

Wiki hiyo Nafula alikuwa amemtumia mama yake ujumbe kupitia dereva wa pikapu ya maziwa. Alisema amejifungua, anaomba mama aje amwone mtoto, na aje upesi kwa sababu mavuno yameisha na Jumatatu ya wiki ya pili wangehama kwenda kutafuta kazi mbali. Mama alikuwa amelainika. Alikuwa ameshasaga unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye.

Jumamosi hiyo Chelagat alikuwa bibi harusi. Asubuhi ya kuondoka nyumbani kwao aliingia chumbani walimoketi wazazi wake, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Kisha kimya kirefu. Kimya kwangu kilikuwa adui. Nilishika maikrofoni nikasema kwa sauti nzito, "Kuanzia leo nyinyi si wazazi wangu. Nikitoka kwa mlango huu, msinitafute." Kibanda kikaguna. Nilifurahi sana.

Watu walipokuwa wakitoka, Mama alinishika mkono.

"Kijana, umenifungua macho. Kumbe hata huko kwao ni hivyo hivyo. Msichana akitoka, ametoka."

Nilidhani ananisifu. Akaenda akampa jirani ule unga, kisha akampa dereva jibu la kupeleka Moiben, kwamba yeye hana binti.

Jumamosi iliyofuata watu waliomba ile ya harusi irudiwe. Nyuma kabisa alikaa kijana mrefu, Kiplagat, mkimbiaji aliyekuwa ameajiriwa na timu ya kampuni fulani huko Japani kwa miaka saba, na alikuwa amekuja likizo. Nilimwona akicheka wakati wengine wanafuta machozi. Filamu ilipoisha akanifuata.

"Bro, hayo maneno ulitoa wapi?"

"Maneno gani?"

"Ya bibi harusi. Hakusema hivyo. Alisema, 'Mmenilea miaka hii yote, asanteni.' Huko ndivyo msichana huwaambia wazazi asubuhi ya kuondoka. Ni heshima hiyo."

Nikamuuliza kuhusu Chelagat, na akanieleza, kwa sababu mama aliyekuwa akiwapikia pale bwenini kwa timu alimpenda mno na kila mara aliwasimulia habari zake. Alianza kuigiza akiwa na miaka kumi na mitano. Kwenye filamu akawa binti wa kila mtu, kisha mke, kisha mama. Akiwa katikati ya umaarufu wake aliacha kazi miaka mingi ili amtunze mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa. Alipozikwa yule mama ndipo akarudi, na mvi zake hakuzificha. Zile kaseti zetu zilikuwa kazi yake ya miaka zaidi ya thelathini, zimechanganywa kwenye katoni.

"Kwa hivyo hajafa?"

"Afe aje? Nimemwacha kwa TV akitangaza majani ya chai."

Sijui nikueleze vipi. Nilijaribu kuipanga upya ile hadithi yangu kichwani nikashindwa. Mwanamke niliyemzika, nikamfufua, nikamponya macho, alikuwa na maisha yake kamili ambayo sikuwa nimeyagusa hata kidogo. Na yule niliyesema aliwakana wazazi ndiye aliyeacha kila kitu kwa ajili ya mama yake.

Nikamwambia Mzee Abdi, na pia nikamwambia yale aliyonieleza Mama mlangoni. Nilitaka anitulize. Aliendelea kukunja pazia.

"Mimi nilikupatia kiti ya kusimulia sinema," akasema. "Sikukupatia watu. Enda kwa huyo mama leo."

Leo! Mimi nilikuwa nafikiria mwezi ujao. Niliogopa watu wakijua sijui, nani atarudi kunisikiliza? Nilizunguka West Indies mara mbili kabla ya kuingia uani kwake. Alikuwa anakamua mashuka. Nikasema yote bila kupumua. Hakuacha kukamua.

"Kwa hivyo msichana alisema nini?"

"Alisema asante kwa kunilea."

"Na hayo mengine?"

"Yalitoka kichwani kwangu, Mama."

"Kichwa yako." Akaweka shuka chini. "Na Nafula? Siku ile alitoka, yeye alisema nini?"

"Sijui, Mama. Sikuwepo."

"Hata mimi sijui," akasema. "Alisimama kwa mlango kitambo. Mimi nikampa mgongo, nikaendelea kufua. Nikajijibu mwenyewe."

Akafuta mikono, akaenda kwa jirani kuomba unga wake. Nusu ilikuwa imeshaliwa. Akachukua iliyobaki, na Jumapili saa nne asubuhi tulikuwa nyuma ya ile pikapu, tumeketi kati ya mitungi mitupu ya maziwa. Sikuombwa niende. Niliona aibu kubaki.

Tulimkuta mume wa Nafula akifunga godoro kwa kamba. Nafula akatoka ndani, mtoto mgongoni, akamwona mama yake, akasimama. Mama naye akasimama. Hakuna aliyesema neno. Na mimi, mwanangu, nilijikuta nimefungua mdomo. Kazi ilikuwa imenizoeza kwamba watu wawili wakitazamana hivyo, wa kuongea ni mimi. Nikaufunga mdomo nikatazama chini.

Nilipoinua macho Nafula alikuwa ameupokea mfuko wa unga kwa mikono miwili, na mama yake anamfungua mtoto mgongoni. Wakaingia ndani. Waliongea nini humo? Sijui. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba tukirudi, dereva alimuuliza, "Mama, tukushukishie wapi?" naye akajibu, "Niite jina langu. Mimi ni Mama Nafula."

Nilirudi kwenye maikrofoni, lakini nisipojua nilisema sijui. Benchi la mbele walilalamika mwezi mzima.

Sasa sikiliza. Juzi uliniambia rafiki yako amesoma ujumbe wako na hajajibu, na papo hapo ukanieleza anavyokudharau, sababu zake zote, mpaka na aliyemchochea. Ulieleza vizuri sana, nikakumbuka maikrofoni yangu. Mtu akinyamaza, usimsemee. Muulize. Ukishindwa kumuuliza, kubali kwamba hujui, na hutakufa kwa kutojua. Mimi mambo mengi yamenipita na bado naishi. Na ukigundua umemkosea mtu kwa ulimi wako, usingoje mwezi ujao. Nenda siku hiyo hiyo, maana kuna godoro linafungwa mahali.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako, mwanangu. Akupe watu watakaokungoja hata ukichelewa. Na siku utakaposimama mlangoni kwa mtu huku maneno yamekuishia, umkute amegeuka kukutazama.