Mwakio na Baiskeli Aliyoipamba Bila Kuipanda

Nyinyi vijana wa Voi mnaoshinda mmechutama kando ya baiskeli zenu za milimani, spana mkononi, wekeni hizo spana chini kidogo mnisikilize. Mimi shule niliiona miaka michache tu, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe. Nawaona kila nikienda sokoni. Leo mmebadilisha giya, kesho shokobza za kumeza mashimo, kesho kutwa breki za sahani, halafu mnapigwa picha mmesimama kando yake. Juzi mmoja alianguka mbele ya mashine ya kusaga unga, mahali tambarare ambapo hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Alipoinuka hakujikung'uta vumbi. Aliitazama tairi kwa hasira akasema, "Hii tairi si ya kiwango changu." Nikaendelea na safari yangu, lakini moyo ukarudi Chawia, kijijini kwetu.

Enzi zetu kule milimani ukungu uliingia jikoni bila kupiga hodi, ukakaa na sisi motoni. Tulikula kimanga cha mihogo na maharagwe, kikiwa moto wa kuunguza ulimi, tukaenda shule bila viatu, vidole vimekufa ganzi. Jioni tulipanda juu ya shamba, kila mtoto na gome lake la mgomba. Unalikalia, unasukumwa mgongoni, unateremka. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kukata kona. Ukikosa kuikata unaishia kwenye upupu, unajikuna usiku kucha, na kesho yake unajua. Mama alikuwa akisema, "Rarueni hizo nguo. Mtavaa gunia la viazi mpaka Krismasi, na kanisani mtaenda nalo." Hakuwa akitania. Ndugu yangu mmoja alienda nalo.

Baiskeli zilikuwa chache na zote za namna moja, nyeusi, nzito, za kubebea mizigo. Mtu akitaka kushuka soko la Mwatate na mzigo wake, alikata tawi kubwa lenye majani, akalifunga nyuma kwa kamba ya katani, akalikokota. Hilo tawi ndilo lililokuwa breki yenyewe, maana zile za mkono zilikuwa za kumpa mtu matumaini tu. Ukisikia kwa mbali sauti kama mtu anafagia mlima mzima, unajua kuna anayeshuka sokoni.

Sasa kaka yangu mkubwa, Mwakio, alimpenda Mshai wa Ronge. Mshai alikuwa na kicheko cha kumsahaulisha mtu alichotumwa. Baba yake, Mzee Mcharo, alikuwa na avokado nyingi, mabinti watupu, na mgongo ulioanza kumlaza kitandani. Mwakio alipokwenda kujitambulisha, mzee alimwambia, "Kijana, wakwe wa kunisalimia ninao wa kutosha. Nataka wa kunishushia avokado Mwatate. Wakati wa mavuno njoo na baiskeli. Zikifika zikiwa avokado, tutakaa tuongee mahari. Zikifika zikiwa uji, wewe pitiliza, usirudi."

Mwakio akauza beberu wake, akapata baiskeli iliyotumika. Hapo mtu mwenye akili angejifunza kuipanda. Mwakio alinunua kengele. Akaona kengele moja ina upweke, akaongeza ya pili, na ya tatu akaifunga nyuma ili wale anaowapita nao wasikose. Akaweka vioo viwili, kimoja cha kutazama nyuma na kimoja cha kujitazama. Akaweka taa ya dainamo, ingawa usiku alikuwa akiogopa hata kwenda chooni. Shangazi akamfumia kitambaa cha kiti chenye nyuzi za kuning'inia kila upande. Nyuma kabisa akaning'iniza kipande cha mpira cha kuzuia matope, kimeandikwa kwa rangi nyekundu MUNGU MBELE.

Jioni aliisukuma polepole kijijini, kofia kichwani, akisalimia watu. Kuipanda hakuipanda. "Bado haijakamilika," alikuwa akisema. Baba siku moja akamuuliza, "Wewe na hiyo baiskeli naona mnatembea kama marafiki. Ni lini mmoja atambeba mwenzake?"

Kazi ya kuiosha ilikuwa yangu. Baba alikuwa ameshatoa sheria kwamba msichana hapandi baiskeli, miguu itapinda na hakuna atakayemuoa. Lakini hakuwa amesema lolote juu ya msichana kuipeleka mtoni, na mtoni ni chini. Nilikuwa mfupi, kiti sikifikii, kwa hivyo nilipitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati, nikaning'inia ubavuni kama popo, nikateremka. Nilianguka mpaka mawe ya njia ile yakanizoea. Mwakio alikuwa akisifu jinsi ninavyopenda kuosha.

Siku ya mavuno ikafika. Nilikwenda naye Ronge nimembebea chakula. Mzee Mcharo akafunga sanduku la avokado kwenye keria, akaizunguka baiskeli, akauliza, "Tawi lako liko wapi?"

"Mzee, tawi litafunika maandishi."

"Maandishi gani?"

"Mungu mbele."

"Na nyuma umemwachia nani?"

Mwakio akacheka kama mkwe. Akapanda kwa msaada wa jiwe, Mshai akitazama kutoka mlangoni. Mteremko ulipoanza akapiga kengele zote tatu. Breki zikalia mara moja zikanyamaza. Kioo cha kujitazama kilianguka kwanza, kitambaa cha shangazi kikafuata, kikatua juu ya mbuzi wa watu. Kina mama waliokuwa wakipalilia mbaazi walimwona ameinua mkono akiomba msaada, nao wakampungia kwa heshima. Kwenye kona Mwakio alikwenda moja kwa moja, na baiskeli ikakata kona. Kusema kweli ilikwenda vizuri zaidi bila yeye. Ikaenda ikaegemea nyasi za ng'ombe kwenye kitaro, sanduku likiwa bado limefungwa.

Nilimkuta kaka yangu katikati ya migomba, mzima, ila sura imemwanguka. "Mwambie Mshai asinisubiri," akasema. "Aolewe na mwingine."

Nilikuwa nakata tawi.

"Unafanya nini?"

"Nashuka sokoni."

"Wewe ni msichana."

"Na wewe ni mvulana, na uko kwenye migomba."

Nikafunga tawi mpaka likayafunika yale maandishi yake, nikapitisha mguu chini ya chuma, nikashuka nikifagia. Huko Mwatate, mama mmoja mnunuzi akabonyeza avokado kwa kidole akalalamika kwamba ni ngumu, zilale kwanza ziive. Sijasikia malalamiko matamu kama yale.

Jumapili baada ya kanisa Mzee Mcharo akaja kwetu na Mshai. Akamwambia baba, "Nilitaka mtu wa kunishushia avokado, nimempata. Sasa huyu wa kengele nimpe binti yangu kwa kazi gani?"

Baba akanitazama miguu, nadhani akitafuta mahali ilipopinda. Mwakio alikuwa ameinama, anakuna sakafu kwa kidole. Ndipo Mshai akaitikia kutoka jikoni, alikokuwa na mama, "Baba, mpe msimu mwingine mmoja wa mavuno. Lakini zile kengele zitoke kwanza."

Zikatoka. Mzee Mcharo alizichukua akamfungia ng'ombe wake shingoni, akasema huyo angalau anajua anakokwenda. Na mimi nikapewa kaka yangu nimfundishe. Nilimwanzisha kwenye gome la mgomba, mtu mzima mwenye ndevu, kwenye mstari nyuma ya watoto wa darasa la pili. Alikula upupu, akajikuna, akarudi. Mavuno yaliyofuata alishuka Mwatate na tawi lake, mzigo wake ukafika salama, na mahari ikaongewa. Baiskeli ilikuwa ile ile, tena imepungua.

Kuhusu ile sheria ya miguu, baba hakuifuta kwa mdomo. Ila asubuhi moja nilipoamka kumshushia mama mzigo wa ndizi, nilikuta tawi limeshakatwa na kufungwa. Yeye alikuwa amekaa pembeni ananoa panga, hanitazami.

Leo Mwakio yuko chini ya udongo wa Chawia, na Mshai amebaki na wajukuu. Tukikutana hutaja lile sanduku la avokado, tukacheka mpaka tukafuta macho. Mizigo sasa inashushwa na pikipiki na pikapu. Sipingi, migongo imepumzika. Lakini mlima umekuwa kimya. Sisi tulikuwa na baiskeli moja na miguu mingi yenye makovu. Nyinyi mna baiskeli za kila rangi, na magoti laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

Nami ninaye mmoja wa namna hiyo nyumbani. Kale, mjukuu wangu, wiki hii alimwomba baba yake amuuzie mbuzi anunue shokobza mpya, kwa sababu ya zamani, anasema, ndiyo inayomwangusha kwenye kona. Baba yake, ambaye ni mwanangu na nilidhani nimemlea vizuri, akaanza kumtazama mbuzi. Nikawaita wote sebuleni, na Wakio dada mdogo wa Kale, nikazima televisheni, nikasema:

"Mbuzi haguswi. Hakuna kitu kipya kitakachofungwa kwenye baiskeli yoyote ya nyumba hii, hata kamba. Jumamosi tunazipandisha zote Chawia vile zilivyo. Wakio, wewe ni msichana na ndiye mdogo, utashuka wa kwanza. Kale atakufuata nyuma, aangalie unavyokata kona. Baba yenu atakuwa wa mwisho."